Ukaguzi wa Saa Nne

Katika nyumba ya Fernlea mzazi haruhusiwi kufunga mlango wa chumba chake mchana. Sharti hilo tulisomewa siku ya kwanza, mimi na mke wangu Rhian, tukiwa tumesimama sebuleni na mabegi mawili, na binti yetu Hester amelala begani kwa mama yake. Tuliambiwa pia kwamba kuna kamera jikoni, sebuleni, koridoni na juu ya kitanda cha mtoto. Kwamba kila tutakalofanya na mtoto litaandikwa katika daftari la siku. Na kwamba kila Ijumaa asubuhi tutasomewa daftari hilo, kisha tutie saini. Wiki kumi na mbili zikiisha, taarifa itapelekwa kwa jaji. Jaji ndiye atakayeamua kama Hester atarudi nyumbani nasi, au atapewa watu wengine awe mtoto wao kabisa, nasi tubaki kungoja barua moja ya habari zake kwa mwaka.

Nilitia saini masharti yote bila kuuliza swali. Nilikuwa nimeishi kwa kengele na masharti tangu nilipopelekwa bweni nikiwa na umri wa miaka saba, na niliamini, Mungu anisamehe, kwamba mtihani huu nitaufanya vizuri kuliko mzazi yeyote aliyewahi kupita pale.

Ni lazima niseme kilichotufikisha huko, kwa kuwa sipendi kisa kinachomficha mkosaji. Hester alipozaliwa nilimtengenezea ratiba. Niliichora kwa rula, kwa wino wa rangi mbili, nikaibandika ukutani jikoni kwetu. Maziwa kila baada ya saa nne kamili, wala si dakika moja kabla. Akilia katikati, aachwe alie, atazoea. Rhian, ambaye nimemzidi miaka kumi na tisa, aliniomba mara mbili amchukue, na mara zote mbili nilimwambia kwamba anamharibu mtoto. Mara ya tatu hakuomba. Muuguzi anayezungukia watoto majumbani alipokuja katika wiki ya tisa na kumweka Hester kwenye mizani, uzito wake ulikuwa chini ya ule wa wiki ya tano. Muuguzi aliitazama ratiba yangu ukutani kwa muda mrefu. Kisha akaomba nimwonyeshe chumba chenye utulivu ili apige simu.

Baada ya hapo ilikuwa hospitali, baada ya hospitali mahakama, na baada ya mahakama Fernlea.

Nyumba yenyewe ni ya mawe meusi, nje kidogo ya mji wa viwanda ambao viwanda vyake vimekwisha, katika zile wilaya za Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, ambako mvua huanza kabla hujamaliza kusema kwamba imeacha. Mle tulikuwa familia tatu tukitumia jiko moja. Kila familia ilikuwa na rafu yake, na mimi nilikuwa nimeipanga ya kwetu makopo yakitazama mbele, makubwa nyuma na madogo mbele. Familia ya tatu walikuwa mume na mke wasiosema na mtu. Jirani yetu wa rafu alikuwa Kerrianne, msichana wa miaka kumi na tisa aliyelelewa katika nyumba za serikali za watoto wasio na wazazi, mwenye mtoto wa kiume wa miezi minane aitwaye Tyrell. Kerrianne alikuwa akikaanga mayai kwa mkono mmoja na kumbeba Tyrell kiunoni kwa mkono mwingine, huku akicheza. Masufuria yake yalishinda kwenye sinki.

"Kiranja huyo!" alikuwa akisema kila nilipoingia. "Jamani, ficheni vyombo vichafu."

"Habari za asubuhi, Kerrianne."

"Salama, mheshimiwa. Leo unakagua kucha au masikio?"

Rhian alikuwa akicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiyatazama yale masufuria, na nikisema moyoni kwamba jaji akiyaona atajua la kufanya. Tyrell alikuwa mnene, na alikuwa akicheka hata na ukuta. Hilo nililiona pia, lakini sikuliweka katika hesabu.

Aliyepangiwa kutuandika sisi alikuwa Yvonne, mwanamke wa miaka sitini hivi, mwenye sweta la kufuma na kikombe cha chai kisichoisha. Ijumaa alikuwa akivaa miwani na kusoma polepole, bila kupandisha sauti wala kuishusha.

"'Baba alimlisha mtoto saa mbili asubuhi. Baba aliangalia saa yake mara tisa.'"

"Maziwa aliyamaliza," nilisema.

"Aliyamaliza, ndiyo. Nimeandika."

"Basi kosa liko wapi?"

"Sijasema kosa, Piers. Nimeandika nilichoona."

"Uandike basi na kitanda. Kwa muda wote tuliokaa hapa hujawahi kukuta kitanda changu hakijatandikwa."

"Hapana, sijawahi," alisema Yvonne, akageuza ukurasa. "Ungependa niandike kuhusu kitanda?"

Nilisema ndiyo. Akaandika.

Ijumaa ya wiki ya saba alikuwa aje Bi. Prudhoe, yule aliyeteuliwa na mahakama kumsemea mtoto. Neno lake kwa jaji lilikuwa zito sawa na la nyumba nzima. Alikuwa aje saa nne asubuhi kutuona chumbani kwetu. Tangu alfajiri nilikuwa kazini. Nilipiga pasi shati. Nilitandika kitanda kwa kukunja pembe za shuka kama bahasha, kama nilivyofundishwa, mpaka sarafu ikiangushwa ingedunda juu yake. Nilipanga nepi kwa safu, chupa kwa urefu. Nilimlisha Hester, nikambadilisha, nikamlaza katika kitanda chake, akiwa safi, amekodoa macho kutazama dirisha. Rhian alikwenda kuoga, bafu letu likiwa upande wa pili wa ukuta.

Dakika tano kabla ya saa nne, Hester alianza kulia.

Naomba nieleweke, ingawa kueleweka si kusamehewa. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilijua kwamba nikimchukua atatapika maziwa begani, kwa kuwa kila akilia baada ya kula hutapika, kwamba nitalazimika kukaa kitandani, na kitanda kitavurugika, kwamba Bi. Prudhoe ataingia akute mwanamume mwenye shati lenye madoa juu ya shuka zilizokunjamana. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho mwili wangu ulikuwa ukikijua kabla ya mimi kufikiri. Nilisimama miguuni pa kitanda, mikono ubavuni, kidevu juu, uso ukielekea mlangoni, kama tulivyosimama bwenini kila Jumamosi tukimngoja mwalimu wa zamu. Nina umri wa miaka arobaini na sita.

Bi. Prudhoe alichelewa. Kengele ya mlango wa chini ilikuwa haijalia. Hester alilia, akakohoa, akalia tena kwa sauti nyingine, ile nyembamba inayotoka mtoto akiwa hatarajii tena mtu kuja. Sikugeuza kichwa. Saa ya ukutani ilipita saa nne, ikapita saa nne na dakika tano. Nilijiambia: sasa hivi atafika, sasa hivi.

Aliyefika alikuwa Kerrianne. Alitokea mlangoni na taulo begani, akanitazama mimi, akatazama kitanda cha mtoto, akanitazama tena.

"Wewe vipi?" alisema. "Umeganda?"

"Namngoja Bi. Prudhoe. Tafadhali toka."

"Mtoto analia, mzee."

"Nasikia. Tafadhali toka katika chumba changu."

Hakutoka. Alinipita, akainama, akamwinua Hester na kumbandika kifuani, na Hester akanyamaza palepale, akibaki na kwikwi tu. Kerrianne alikuwa akimwambia, "Haya, haya, bibie, yamekwisha, shangazi yako yupo," nilipowasikia Yvonne na Bi. Prudhoe wakipanda ngazi.

Pale Fernlea hakuna kumgusa mtoto wa mwenzako bila ruhusa ya mzazi. Ni sharti kubwa kuliko yote. Kerrianne alikuwa amekwisha kupewa onyo moja kwa jambo jingine, na Jumatano iliyofuata alikuwa na kikao chake.

"Kuna nini hapa?" Yvonne aliuliza.

Niseme pia kwamba kamera ya chumba chetu ilikuwa imeharibika tangu juzi yake, na fundi alikuwa aje Jumatatu. Yvonne mwenyewe ndiye aliyetuarifu. Nilipofungua mdomo, nilikuwa nikilijua hilo.

"Nasikitika," nilisema. "Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza kulia, nikawa nageuka kumchukua. Binti huyu aliingia bila ruhusa akamnyakua."

Kerrianne alinitazama. Nilitazamia matusi, kwa kuwa ulimi wake haukuwa na breki, lakini hakutukana. Alimrudisha Hester mikononi mwangu taratibu, akikishika kichwa chake mpaka alipohakikisha nimekishika mimi.

"Muulizeni vizuri," aliwaambia, akatoka.

Hester alinitapikia begani. Bi. Prudhoe aliketi juu ya kitanda changu, na mazungumzo yalikwenda vizuri. Alikisifu chumba.

Rhian aliingia nywele zikiwa mbichi, akasalimia, akajibu alichoulizwa. Wageni walipoondoka nilimwambia kwamba nadhani tumefanya vizuri. Alikuwa akikunja taulo. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ukuta ule ni mwembamba, Piers," alisema.



Kerrianne alipewa onyo la pili, la maandishi. Nilijua kwa sababu alilibandika kwenye rafu yake jikoni, mahali ambapo wengine hubandika picha za watoto. Siku tatu sikuweza kuingia mle jikoni akiwemo. Nilikuwa nikisikiliza kwanza koridoni, kama mwizi, na nikisikia sauti yake nilirudi chumbani na chupa tupu. Jumapili alinikuta kwenye ngazi, mahali pa kupishana watu wawili kwa ubavu.

"Mheshimiwa," alisema. "Shule yenu ile ya kulipia. Walikuwa wanawafundisha hivi, au wewe ni kipaji?"

Shule yangu, niliyoipenda na ninayoipenda hata leo, ilikuwa na amri moja juu ya nyingine zote: ukikosa, unasema, na unasimama kupokea adhabu yako. Tuliadhibiwa vikali zaidi kwa uongo kuliko kwa wizi. Nilikuwa nimejivunia amri hiyo mbele ya watu maisha yangu yote. Nilimwambia Rhian habari zake siku ya tatu tangu tukutane. Na sasa msichana asiye na mama wala baba wala shule alikuwa amesimama ngazi moja chini yangu, akibeba adhabu yangu, na kikao chake kilikuwa kimebakiza siku tatu.

Hofu yangu ilikuwa rahisi kueleza. Nikisema kweli, nitakuwa nimewapa kwa mkono wangu mwenyewe kile walichokuwa wakikitafuta: baba aliyemwacha mtoto alie, tena, ndani ya nyumba ile ile aliyoletwa kwa kosa hilo. Wangemchukua Hester. Nikinyamaza, Kerrianne pengine angenusurika, pengine asinusurike. Lakini yeye hakuwa mtoto wangu. Nilijirudia sababu hizo usiku na mchana, na kila nilipozirudia zilizidi kunuka.

Jumanne asubuhi nilivaa tai nikashuka ofisini kwa Yvonne. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Niliomba kusimama.

"Kaa tu, Piers."

"Ningependa kusimama. Ijumaa nilikuambia kwamba Hester alikuwa ndiyo kwanza ameanza kulia. Huo ulikuwa uongo. Alilia dakika kumi na moja. Nilikuwa mle chumbani muda wote na sikumchukua. Kerrianne hakukosa lolote. Naomba onyo lake lifutwe, na kosa liandikwe kwangu."

Yvonne hakushika kalamu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa. Kisha alifungua daftari la siku, akalirudisha nyuma kurasa kadhaa, akaligeuza likanielekea.

Mwandiko ulikuwa wake, wa Ijumaa ile ile, saa nane mchana. *Mama amekuja ofisini mwenyewe. Amesema alimsikia mtoto akilia tangu alipofungua maji mpaka alipoyafunga, na akasikia sauti ya Kerrianne ikimwambia baba kwamba mtoto analia. Alikuwa akitokwa na machozi. Onyo la Kerrianne limefutwa; amekubali kulibakiza rafuni kwa sasa.* Chini yake kulikuwa na mstari kwa kila siku. Jumamosi: *Baba bado.* Jumapili: *Baba bado.* Jumatatu: *Baba bado. Anakwepa jiko.*

Hapo ndipo nilipokaa.

"Mlijua," nilisema.

"Tulijua."

"Na mkaniacha siku nne."

"Hukufungwa kamba, Piers. Mlango huu haufungwi." Alisukuma kikombe cha chai kando. "Hatukuwa tunakutega. Ningekuuliza, ungejibu kwa sababu nimekuuliza. Nilitaka kujua kama ungekuja. Mtoto hawezi kukuuliza. Ndiyo kazi ya nyumba hii, basi."

"Naandikwaje sasa?"

"Kwamba umekuja. Na kwamba umekuja siku ya nne." Akachukua kalamu. "Nikuulize kitu ambacho si cha daftari? Ulikuwa umesimama unafanya nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia habari za Jumamosi bwenini, na za wiki ya kwanza, nilipokuwa na umri wa miaka saba, jinsi mtoto mmoja akilia bweni zima lilisimamishwa miguuni pa vitanda mpaka anyamaze, na kwamba mtoto aliyekuwa akilia nilikuwa mimi. Nilijifunza kunyamaza kwa siku kumi na mbili. Nimekisimulia kisa hicho katika karamu nyingi za wanafunzi wa zamani, na kila mara watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Yvonne hakucheka. Alisema tu, "Siku kumi na mbili," kama mtu anayehakikisha tarehe.

Nilimtafuta Kerrianne nikamkuta akikwangua sufuria.

"Nimekuja kukuomba radhi," nilisema. "Nilikusingizia. Nimemweleza Yvonne."

"Alishaelezwa."

"Najua. Naomba radhi hata hivyo."

Alinipa sufuria.

"Basi kwangua hapo pembeni, mimi kucha zimeisha. Na usiniombe radhi umevaa tai, unanitisha. Nahisi nimefukuzwa shule."

Nilikwangua. Kikao chake kilikwenda vizuri. Mwezi uliofuata aliondoka na Tyrell kwenda kwenye nyumba waliyopangishwa na halmashauri, na aliacha kopo la maharage kwenye rafu yetu, amelipindua makusudi.

Sisi tulimaliza wiki zetu. Sitadai kwamba nilibadilika kuwa mtu mwingine. Nilivua saa. Nilijifunza kulala chali kwenye zulia na Hester kifuani, na kukaa hivyo mpaka yeye achoke na si mimi, na niligundua kwamba ana kivimbe kidogo nyuma ya sikio la kushoto na kwamba hupenda kuvutwa kidole cha gumba cha mguu. Lakini mara mbili katika wiki ya kumi Yvonne aliandika kwamba mtoto alilia na baba alimtazama mama kwanza, kama anayengoja amri. Iliandikwa kwa sababu ilitokea.

Kikao cha mwisho kilifanyika katika chumba chenye viti vya plastiki. Bi. Prudhoe alisoma pendekezo, ambalo jaji angeliidhinisha siku hiyohiyo kama hakuna mzazi anayepinga. Hester aende na mama yake, wakakae kwa bibi yake kule Wrexham. Baba aishi kwingine. Amwone mtoto mara tatu kwa wiki, mbele ya msimamizi, ahudhurie mafunzo, na hali itazamwe upya baada ya miezi sita. Sababu zilikuwa ukurasa mzima. Sikukuta ndani yake neno moja ambalo ningeweza kuapa kwamba si kweli.

Wakili wangu, mwanamke mkali wa Salford, aliniinamia. "Tunaweza kupinga," alinong'ona. "Ulikiri mwenyewe, jaji atalipenda hilo. Lakini itachukua miezi, na wakati huo mtoto atawekwa kwa watu baki."

Wote walikuwa wakinitazama. Rhian alikuwa akitazama mikono yake.

"Bwana Ollerenshaw," alisema Bi. Prudhoe, "unapinga pendekezo hili?"

"Sipingi," nilisema. Nilisema kwa sauti iliyonyooka, nimeketi wima, na nilimwona Yvonne akiandika.

Nje mvua ilikuwa ya manyunyu. Mama yake Rhian alikuwa kwenye gari, injini ikiunguruma, hakunisalimia, na alikuwa na haki. Nilimkabidhi Rhian begi la chupa. Hester alikuwa amelala begani kwake na kofia imemshukia jicho moja.

"Ungeweza kupinga," Rhian alisema.

"Ningeweza."

"Niambie kitu kimoja, Piers, halafu niende. Umekubali kwa ajili yake, au umekubali ili waandike kwamba umekubali?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, zuri, lenye heshima, limekaa kama lilivyokaa siku zote. Nilimtazama mtoto. Nilijaribu kulitafuta jibu jingine chini ya lile, na sikulipata, wala sikuwa na hakika kwamba lile la juu ni la uongo.

"Sijui," nilisema.

Rhian alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Hakutabasamu. Aliinyoosha kofia ya Hester, akafungua mlango wa nyuma, akaketi kando ya kiti cha mtoto badala ya mbele kwa mama yake.

"Jumanne, saa tano," alisema kupitia dirishani, na gari likaondoka.